Mume wangu hataki kutia saini, nami nyumba ya Dubai nimeshaitolea pesa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 51, mzaliwa wa Kyela, naishi Isyesye hapa Mbeya. Biashara yangu ni mchele. Nanunua mpunga Mbarali na kule kwetu Kyela, nakoboa, napanga madaraja, nauza jumla. Nilianza na magunia manne pale Mwanjelwa mwaka 1999. Leo tuna maghala mawili Uyole kwenye kiwanja chetu. Nasema chetu kwa sababu hati ina majina mawili, langu na la mume wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu. Tuna watoto watatu, wa mwisho yuko kidato cha tatu.

Nimefika Dubai mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Januari 2019, nilimsindikiza rafiki yangu anayeleta nguo. Tulifikia Deira, hoteli ya dirhamu 250 kwa usiku. Chumba kilikuwa kidogo na dirisha lilitazama ukuta wa jengo la nyuma. Lakini Shangazi, nililala. Nililala siku mbili, rafiki yangu akadhani naumwa. Hapa kwangu saa kumi na moja alfajiri geti limeshagongwa: dereva wa Fuso anataka hela ya mafuta, mkulima anataka mzigo wake upimwe mbele ya macho yake, shemeji ana mgonjwa, kanisani kuna mchango. Kule hakuna aliyenigongea. Tangu siku ile nikajiambia, Mungu akinijalia, nitakuwa na nyumba yangu ya mapumziko kwenye mji ule.

Mwaka huu kampuni moja ilikuja kufanya semina hotelini hapa mjini. Walileta jengo dogo la plastiki ndani ya sanduku la kioo. Ukibonyeza swichi, madirisha yanawaka taa. Dalali akanionyesha dirisha moja la ghorofa ya 11 akasema, "Mama, hili lako." Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia.

Nyumba yenyewe ni ya chumba kimoja chenye jiko humo humo, futi za mraba 450, eneo la Jumeirah Village Circle. Bei ni dirhamu 600,000. Bado haijajengwa. Natakiwa kutoa asilimia 20 mwanzo, kisha asilimia 1 kila mwezi kwa miezi 40, na asilimia 40 iliyobaki nikikabidhiwa funguo. Dalali anasema hiyo ya mwisho isinitishe, kwani wapangaji ndio watakaoilipa, na kwamba nitapata na viza ya dhahabu, ile ya kuishi kule kwa miaka mingi. Nimeshampa dirhamu 5,000 za kuishikilia. Nilizituma kwenye akaunti yake kwa sababu alisema ya kampuni ingechelewa.

Nina akiba ya shilingi milioni 40. Benki iko tayari kunikopesha milioni 60 kwa dhamana ya kiwanja cha Uyole. Kinachokwamisha ni saini ya mume wangu. Amekataa. Aliniuliza tu, "Na mwaka mvua ikikataa Mbarali?" kisha akarudi kwenye redio yake. Nadhani inamuuma kwamba mimi ndiye niliyefika huko na yeye hajafika. Ndugu zake nao wana maneno, eti mwanamke akizoea kupanda ndege harudi jikoni. Afisa mmoja amenidokeza kwamba saini "inaweza kutafutwa". Dalali anataka jibu Ijumaa.

Je, nimshawishi vipi mume wangu? Au nitafute njia nyingine?

Mama wa Mchele, Mbeya

*

Kamwene mama, na marahaba.

Nianze na Ijumaa, maana ndiyo iliyo karibu. Usitie saini Ijumaa. Usitume ile asilimia 20. Na hiyo saini ya "kutafutwa" usiiguse hata kwa mzaha. Hati ina majina mawili, kwa hiyo bila mume wako hakuna dhamana, na anayeghushi saini yake anafanya kosa la jinai ambalo kesho litakuwa na jina lako, si la huyo afisa.

Barua yako nimeisoma jana usiku na tena leo asubuhi, na mara zote mbili nilisimama mahali pamoja, kwenye kile chumba cha Deira. Mtu anayesifu Dubai kwa kawaida husifu maghorofa, dhahabu, maduka. Wewe umesifu usingizi. Umesifu dirisha linalotazama ukuta! Mwanangu, wewe umechoka. Umebeba magunia kwa zaidi ya miaka 20, na ukapata siku mbili za kulala mahali ambapo hakuna mtu mwenye haki ya kukugongea. Hitaji hilo ni la kweli na sitaki mtu yeyote akudharau kwa ajili yake, wala mume, wala mashemeji. Ninachokuomba ni tuangalie kama hiyo nyumba ya ghorofa ya 11 itakuletea usingizi ule.

Tupige hesabu pamoja. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, dola moja ni dirhamu 3.67. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500, dirhamu moja inakuwa kama shilingi 680. Nyumba yako basi ni milioni 408. Asilimia 20 ya mwanzo ni milioni 81 na ushei. Dalali hakukutajia, au alitaja ukapitiwa, kwamba Idara ya Ardhi ya Dubai inatoza asilimia 4 ya bei kwa kusajili. Hizo ni dirhamu 24,000, milioni 16 na zaidi. Milioni zako 100, za akiba na za mkopo, zimeishia hapo hapo mlangoni, na mlango wenyewe haujajengwa.

Kisha zinaanza dirhamu 6,000 za kila mwezi, kama milioni 4 na laki moja. Weka juu yake marejesho ya benki ya ule mkopo wa milioni 60, ambayo hata ukipewa miaka mitatu hayatapungua milioni 2 kwa mwezi. Sasa fikiria mwezi wa sita, mpunga umeshuka kutoka mashambani, kila mwenye hela yuko Igurusi na Ubaruku ananunua. Wewe unatoa milioni 6 ziende Dubai na benki. Unajua kuliko mimi kwamba mtaji wa mchele hauvumilii kukaa nje msimu wa kununua.

Halafu kuna ile asilimia 40 ya funguo. Hapa nakuomba usome polepole. Hizo ni dirhamu 240,000, milioni 163 kwa mkupuo. Dalali anasema zitalipwa na wapangaji. Wapangaji gani? Hakuna mtu anayepanga nyumba ambayo mwenyewe hujapewa funguo zake, na funguo hupewi mpaka ulipe. Maneno yale ni duara. Wengi husema wataiuza kabla ya kufika hapo. Inawezekana, kama soko liko juu. Mwaka 2008 na 2009 bei za Dubai zilianguka karibu nusu, miradi mingi ikasimama, na waliokuwa wamepanga kuuza kabla ya kumaliza ndio walioumia zaidi. Na ukishindwa kulipa katikati, sheria za kule zinamruhusu mjenzi kuvunja mkataba na kubaki na sehemu ya fedha. Kutegemea ujenzi umefika wapi, sehemu hiyo inaweza kufika hadi asilimia 40 ya bei ya nyumba nzima.

Kuna binti wa hapa Iringa aliyekuja kwangu akiwa katika hali kama hiyo. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 48, tarehe za malipo zimepangwa kwa kalamu ya bluu na chini ya kila tarehe bei ya dola ya siku ile. Ilikuwa 2023, dola zimeadimika nchi nzima. Kila benki aliyoingia walimwambia aache namba ya simu, watampigia. Shilingi alikuwa nazo! Alikuwa nazo kwenye akaunti, kamili, na bado barua za kuchelewa zilikuwa zinamfikia. Mwaka uliofuata dola ilipita shilingi 2,700, na kabla mwaka haujaisha ikashuka tena. Kila mwezi daftari lile lilikuwa na namba mpya. Wewe unauza mchele kwa shilingi. Deni la dola kwa mtu anayechuma shilingi ni deni ambalo kimo chake hukijui.

Sasa nirudi kwenye usingizi, maana hapa ndipo hesabu iliponishtua mimi mwenyewe. Majengo ya Dubai yana ada ya huduma ya kila mwaka: lifti, walinzi, usafi, bwawa. Hutozwa kwa futi ya mraba. Tuseme dirhamu 15 kwa futi, kiwango cha kawaida kwa majengo ya aina hiyo. Kwa futi 450 ni dirhamu 6,750 kwa mwaka, uende usiende. Ile hoteli yako ya Deira ni dirhamu 250 kwa usiku. Ukienda mara mbili kwa mwaka, siku kumi kumi, unalipa dirhamu 5,000. Yaani ada ya jengo peke yake, ukiacha bei ya nyumba, umeme na gharama ya kupooza hewa, ni kubwa kuliko kukaa usiku 20 hotelini, tena unatandikiwa kitanda.

Na ungekwenda lini? Watoto wanafunga shule Juni na Desemba. Juni ya Mbeya naijua, ile baridi ya ukungu inayokufanya uvae sweta juu ya sweta na bado ukatafuta jiko la mkaa. Naelewa kwa nini mtu wa Isyesye anaota joto. Lakini wewe ulikwenda Januari. Kuanzia Juni mpaka Septemba joto la Dubai linapita nyuzi 40, watu hutoka nyumba yenye kiyoyozi kuingia gari lenye kiyoyozi. Desemba ndiyo hali nzuri, na ndiyo wageni wanajaa na bei zinapanda. Kama nyumba umeipangisha kwa wageni ili ikulipie, Desemba hiyo hiyo ndiyo yenye pesa, kwa hiyo hutaingia wewe. Utakuwa mwenye nyumba anayefikia hotelini Deira.

Viza ya dhahabu, hapana. Ile ya miaka 10 inataka mali ya kuanzia dirhamu milioni 2. Yako ni 600,000. Nyumba ya bei hiyo haikupi viza hiyo, na dalali aliyekuambia vinginevyo ama hajui kazi yake ama anaijua sana.

Hili la dalali linanipeleka kwenye zile dirhamu 5,000. Mgeni kununua nyumba Dubai ni halali kabisa. Tangu 2002 walifungua maeneo maalumu ambako raia wa nje anamiliki, na Jumeirah Village Circle ni mojawapo. Na baada ya watu wengi kuibiwa, ikatungwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2007 inayotaka fedha za wanunuzi wa nyumba ambazo hazijajengwa ziingie akaunti maalumu ya mradi husika, ambayo mjenzi hawezi kuchota atakavyo. Akaunti ya dalali siyo hiyo. Inawezekana ni haraka tu ya mtu anayetaka kamisheni, lakini inawezekana pia hakuna aliyeshikilia dirisha lolote kwa jina lako. Idara ya Ardhi ya Dubai ina programu ya simu inayoitwa Dubai REST. Mpe mtoto wako wa kidato cha tatu aipakue. Humo utatafuta jina la mradi, uone kama umesajiliwa na ujenzi umefika wapi, na namba ya leseni ya dalali. Dalali halali anayo namba na haoni haya kuitaja. Mwombe kwa ujumbe wa maandishi, usipige simu.

Sasa mwalimu.

Umeandika mstari mmoja tu wa alichosema, ukaupita, kisha ukajaza mistari mingi kuhusu unachodhani anahisi. Mimi sijui moyo wake. Inawezekana kweli inamuuma. Lakini alichouliza, "Na mwaka mvua ikikataa Mbarali?", ni swali ambalo afisa wa benki hakukuuliza, dalali hakukuuliza, wala wewe hukujiuliza. Mvua ikikataa, mpunga hakuna, na dirhamu 6,000 zinadaiwa tarehe ile ile. Kinachouzwa hapo ni maghala ya Uyole. Mtu aliyestaafu ualimu ana pensheni yake na ana maghala yale. Hukumjibu. Ungemjibu, naamini mngezungumza.

Maneno ya ndugu zake kuhusu ndege na jiko usiyachanganye na swali lake. Hayo ni yao, na ni maneno mabaya. Mwanamke aliyeanza na magunia manne akafikisha maghala mawili amepanda ndege kwa jasho lake. Lakini angalia hasira uliyo nayo kwao isikusukume kununua nyumba ya milioni 408 ili kuwaonyesha.

Unaniuliza umshawishi vipi. Sitaki umshawishi. Nataka jioni moja, redio ikiwa imezimwa, umsimulie zile siku mbili za Deira kama ulivyonisimulia mimi. Nina hakika hujawahi kumwambia kwamba ulilala. Ulimwambia kuhusu nyumba, bei, na faida, naye akakujibu kama mtu aliyeletewa bei na faida. Mwambie umechoka. Mwambie geti linakuua. Huenda ukashangaa ana la kusema juu ya geti hilo, maana naye linamuamsha saa kumi na moja.

Geti ni la kushughulikiwa hapa hapa, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Kwa nini madereva na wakulima wanakuja nyumbani? Kwa sababu hela na mizani ni wewe. Chukua sehemu ndogo ya ile akiba, ajiri mtu wa stoo anayejua kusoma mizani na kuandika vitabu, mpe kiasi cha kuendeshea siku, na malipo yote yafanyikie Uyole kuanzia saa mbili. Miezi ya kwanza atakosea na utaumwa na kichwa. Vumilia. Bila mtu huyo, hata ukilala ghorofa ya 11, simu itakugongea badala ya geti.

Nilitaka kukuambia ujenge kibanda Matema, kuna joto hata Juni, ziwa liko mbele na milima ya Livingstone iko ubavuni. Kisha nikakumbuka wewe ni mtu wa Kyela. Saa nne asubuhi ndugu wote watakuwa barazani. Kwa hiyo hapana, naelewa kwa nini roho yako imekwenda mbali.

Basi nenda. Nenda Februari, mchele umeshauzwa na mpunga mpya bado. Tenga milioni 6 za tiketi na chumba kwa wawili, siku kumi, na mchukue mwalimu akaone. Mkiwa huko pandeni metro, kisha mpate teksi mpaka Jumeirah Village Circle, mtembee kwa miguu mtaa ambao ungeishi. Uliza majirani wanalipa ada ya jengo kiasi gani. Fanya hivyo miaka mitatu. Ikiwa baada ya hapo bado mnaitaka nyumba, wote wawili, mnunue iliyokwisha kujengwa, mnayoweza kuingia na kufungua bomba, kwa fedha ambayo ikipotea Uyole haitikisiki. Siku hiyo kuna mambo ya kuandaa: benki yako ikuambie Benki Kuu inataka nini kabla fedha kubwa haijatoka nchini, TRA wajue kodi ya pango utakayopata kule maana mkazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya popote duniani, na kwa kuwa si Waislamu, msajili wosia kule kule. Tangu 2015 kuna ofisi ya wosia kwa wasio Waislamu katika kituo cha fedha cha DIFC. Watoto wasije wakaanza kuhangaika na mahakama za nchi ya watu wakati wa msiba.

Kwa sasa mwandikie dalali leo, usingoje Ijumaa. Mwambie hutaendelea, na unataka dirhamu zako 5,000 zirudi kwenye akaunti ile ile zilikotoka. Atakupigia, atakuambia kuna Mkongo anayelitaka dirisha lile, atakuambia bei inapanda Jumatatu. Usipokee. Ajibu kwa maandishi. Na risiti uliyopewa, hata kama ni picha ya WhatsApp tu, nitumie. Nataka kuona jina la akaunti na kama mradi umetajwa popote, ili tujue kama ni la kudai kwa maneno au la kupeleka polisi.